Kibarua Bila Barua: Ajira za Hoteli na Vyakula Mtaani Baba Dogo

Utangulizi

Neno hoteli lina maana pana nchini Kenya. Jengo la ghorofa lenye vitanda vya wageni ni hoteli. Kadhalika, chumba cha mabati kinachouza chai na chapati huitwa hoteli. Upana huo wa maana ndio upana wa ajira yenyewe. Makala haya yanafafanua mwelekeo wa ajira katika sekta ya hoteli na vyakula kwa kuangazia Baba Dogo, mojawapo ya wadi za eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi. Yanadhamiria kuonyesha kwamba suala kuu si idadi ya nafasi za kazi pekee, bali pia iwapo kazi hizo zina maandishi.

Pande Mbili za Sekta

Ruaraka imebeba pande zote mbili za sekta hii. Kando ya Barabara ya Thika kipo Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi ili kufunza wapishi, wahudumu na wasimamizi wa hoteli. Masafa mafupi kutoka hapo ni Baba Dogo, mtaa wa viwanda na makazi.

Ajira za upande wa kwanza humtegemea mgeni. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020, kufuatia janga la korona, idadi hiyo ilishuka chini ya 600,000, na wafanyakazi wengi wa hoteli wakapoteza kazi. Hoteli ya Hilton, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1969, ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2022. Kufikia mwaka 2024 wageni walikuwa takriban milioni 2.4. Ni bayana kwamba ajira hizi hupanda na kushuka kwa sababu zinazotoka mbali.

Ajira za upande wa pili hulitegemea tumbo la mfanyakazi. Kibanda cha chakula husimama karibu na lango la kiwanda. Alfajiri huuza chai na maandazi; adhuhuri huuza ugali, sukuma wiki, githeri, maharagwe na chapati. Mwenye kibanda, ambaye aghalabu ni mwanamke, huhitaji mpika chapati, mwosha vyombo na kijana wa kupeleka sahani. Kiwanda kikipunguza zamu, sufuria nazo hupungua. Kazi za aina hii si chache: takwimu za Serikali huonyesha kwamba, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya watu 80 katika kila wafanyakazi 100 nchini wamo katika sekta isiyo rasmi.

Neno Kibarua na Sheria

Pande hizi mbili hukutana katika neno moja: kibarua. Hoteli kubwa huwaita vibarua panapokuwa na karamu au msimu wa wageni. Kibanda huwaita kila asubuhi. Asili ya neno hili ni barua katika hali ya udogo, yaani kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake za kazi zihesabiwe. Leo jina limebaki, karatasi imetoweka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Hata hivyo, kifungu cha 37 kinaeleza kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa malipo ya kila mwezi. Tangu hapo, kumwachisha kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 28. Aidha, mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri asiuwasilishe, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye.

Ugumu upo. Mwenye kibanda naye ni mchuma juani. Mapato yake hubadilika kila siku, na notisi ya siku 28 ni mzigo kwake. Mwosha vyombo naye huogopa kudai haki, kwani wanaoisubiri nafasi yake ni wengi. Lakini bila kumbukumbu ya siku alizofanya kazi, itamwia vigumu kuthibitisha kwamba mwezi umetimia.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za kazi nazo ni mali. Daftari la shule lenye tarehe, malipo na sahihi za pande mbili halihitaji wakili, na linaweza kutunzwa kibandani sawa na katika hoteli kubwa. Takwimu za ajira zitaendelea kupanda na kushuka. Atakayejua stahiki zake ni yule ambaye siku zake zimeandikwa.