Saruji Si Dawa ya Kila Ukuta

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," walinena wahenga. Hawakututajia, hata hivyo, kitu cha kuzibia. Hapa Galu, na kote katika pwani ya kusini, zipo kuta kongwe zinazouawa na wale wale wanaotaka kuziokoa.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, mwamba uliozaliwa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Wazee waliyaunga na kuyapiga lipu kwa chokaa na mchanga. Chokaa nayo ni mawe yale yale: yakichomwa tanurini hutoa hewa ya kaboni-dayoksaidi, yakisha kuzimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa hiyo polepole, yakarudi kuwa jiwe. Jiwe na lipu yake ni ndugu.

Saruji si ndugu yao. Ni ngumu kuliko tumbawe, tena huzuia unyevu kutoka. Maji yapandayo kutoka ardhini hubeba chumvi. Yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe na kulimega. Nje ukuta unang'aa, ndani unageuka unga.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, tuchunguze. Mimi huanza kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukilia kama debe tupu, lipu imeachana na jiwe. Hutafuta ukungu mweupe wa chumvi karibu na msingi. Pale lipu ilipobanduka, hukwaruza kwa msumari: chokaa huacha unga mweupe, saruji ya kijivu hugoma. Mwisho huuliza maji yanatoka wapi, paani, mferejini au ardhini? Chanzo kisipozibwa, lipu yoyote ni kazi bure.

Wapo watakaosema kwamba saruji hukauka upesi na mafundi wake ni wengi. Ni kweli, chokaa hudai subira. Lakini Msikiti wa Kongo, pale Diani, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, umedumu karne kadhaa, na hadi leo waumini husali humo. Subira hiyo imelipa.

Walimu, wapelekeni wanafunzi kwenye ukuta mkongwe ulio karibu. Watakuta hapo kemia, jiografia na historia kwa pamoja. Nao wanafunzi, siku wakiwa wenye nyumba, watajua la kumwambia fundi.