Vipokezi vya Neva: Mjumbe Mmoja, Majibu Mawili

Kwa kawaida seli mbili za neva hazigusani. Baina yao mna mwanya mwembamba unaovukwa na kemikali. Lakini kemikali hiyo ni mjumbe tu. Maana ya ujumbe huamuliwa na kipokezi cha seli inayoupokea.

Glutamati yatoa mfano ulio wazi. Katika ubongo wa binadamu, vipokezi vyake vingi hufungua njia ya ioni za sodiamu. Ioni hizo zenye chaji chanya huingia, na seli husisimka. Minyoo wana pia vipokezi vya namna nyingine, vinavyopitisha ioni za kloridi zenye chaji hasi. Hapo glutamati ile ile huituliza seli.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa tiba ya usubi, ugonjwa uwezao kupofusha wakazi wa kandokando ya mito ya Kongo. Ivermektini, iliyoanza kutolewa bure kwa ajili ya ugonjwa huo mwaka 1987, huviacha wazi vipokezi vya kloridi, na neva na misuli ya minyoo hulemaa. Binadamu hana vipokezi hivyo. Basi kuijua kemikali pekee hakutoshi; sharti kijulikane na kipokezi chake.