Lukasa: Ubao wa Waluba ulioonyesha nani humdhibiti mfalme

Oktoba 2004, jeshi la Kongo liliurejesha mji wa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, kutoka mikononi mwa kikundi kidogo cha waasi. Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya watu 70 waliuawa. Wanajeshi walikuwa wa serikali, lakini baadhi ya magari waliyotumia yalikuwa ya Anvil Mining, kampuni iliyokuwa ikichimba madini Dikulushi.

Nani aliwajibika? Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi haikumtia yeyote hatiani kwa uhalifu wa kivita Kilwa. Ni mwaka 2017 ambapo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kuwa serikali inawajibika, ikaagiza waathiriwa wanane na familia zao walipwe fidia ya dola milioni 2.5.

Swali la nani humdhibiti mwenye nguvu si geni Katanga. Waluba, ambao nchi yao iko kaskazini-magharibi mwa Kilwa, walikuwa na chombo cha kulifundishia: lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na makombe au kuchorwa alama.

Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ungeweza kumaanisha mfalme na maofisa wake. Alama nyingine zilionyesha safari za koo, mpangilio wa ua wa kifalme, na mashujaa kama Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga.

Ubao huo haukuwa mali ya mfalme peke yake. Ulitunzwa na Mbudye, chama cha wateule waliofunzwa kuusoma. Mfalme naye alipaswa kuingia chamani na kujifunza, na chama hicho kilikuwa na uwezo wa kumhukumu mtawala aliyekiuka miiko ya utawala.

Siku hizi ofisi nyingi hubandika ukutani mchoro wa uongozi: mkurugenzi juu, wafanyakazi chini, mishale yote ikishuka. Lukasa unakumbusha kwamba mchoro kama huo haujakamilika. Ukionyesha nani anaamuru bila kuonyesha nani anamzuia, anayeumia hajui aende wapi kudai haki yake. Familia za Kilwa zilihangaika kwa zaidi ya miaka 12 kabla ya kupata jibu.