Kurithi na Kurithisha: Msamiati wa Jeni

Katika makala haya tunaeleza dhana za msingi za urithi kwa wanafunzi wa Biolojia wanaosoma Kiswahili. Mfano wetu uko jirani: Kituo cha Macho cha Ruharo, Mbarara, ambako hutibiwa retinoblastoma, yaani saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo.

Kwa kawaida seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, zilizopangika katika jozi 23. Katika kila jozi, moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Jeni ni sehemu ya kromosomu inayobeba maagizo ya kazi fulani. Jeni iitwayo RB1 imo katika kromosomu ya 13, na kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Tunazo nakala mbili. Moja ikiharibika, nyingine huendelea kulinda. Mwaka 1971 Alfred Knudson alieleza kwamba saratani hii huhitaji madhara mawili, na sasa tunajua kuwa ni kuharibika kwa nakala zote mbili katika seli ya retina.

Hapa ndipo sarufi inapotufaa. Takriban watoto 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wana kasoro hiyo katika seli zote za mwili. Hao wanaweza kuirithisha: kila mtoto watakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea. Hata hivyo, wengi wao hawakuirithi. Ilijitokeza upya, wazazi wakiwa hawana. Basi kinachoweza kurithishwa si lazima kiwe kilirithiwa.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Mama Mkongo kutoka Nakivale, anayezungumza na mhudumu kwa Kiswahili, akiambiwa "ni ugonjwa wa kurithi", atasikia kwamba yeye au ukoo wake ndio chanzo. Afadhali aambiwe: "Mama, hukumtia mtoto ugonjwa. Lakini tuwapime macho na ndugu zake."

Dalili kuu ni mng'ao mweupe ndani ya mboni. Makengeza pia ni dalili. Tangu Ruharo ilipoanza kutumia dawa za saratani pamoja na upasuaji mwaka 2009, watoto wengi zaidi wamepona. Anayewahi ndiye mwenye matumaini makubwa. Tuchague maneno yatakayomfanya mzazi awahi, si yatakayomfanya afiche.