Mwenendo wa Vibeba Chaji Moto katika Perovskaiti na Maana Yake kwa Umemejua wa Kagunga

Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilicho karibu na mpaka wa Burundi, kipo chini ya digrii 5 kusini mwa Ikweta na hupata jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, paneli za kawaida za silikoni hubadili takribani moja ya tano tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Sehemu ya upotevu huo hutokea mara tu mwanga unapofyonzwa. Makala haya yanaeleza upotevu huo na kutathmini iwapo nusu-vipitishi vya perovskaiti vinaweza kuupunguza.

Fotoni inapofyonzwa, elektroni huvuka pengo la nishati na kuacha tundu. Viwili hivyo ndivyo vibeba chaji. Katika perovskaiti ya methilamonia, risasi na iodini, pengo hilo ni takribani elektronivolti 1.6, ilhali fotoni ya nanomita 400 ina elektronivolti 3.1. Ziada ya 1.5 hubaki kwa vibeba chaji, ambavyo huitwa moto kwa sababu hiyo. Kwa kawaida ziada hiyo humezwa na mitetemo ya kristali, yaani fononi, kwa muda usiozidi pikosekunde chache. Kikomo cha Shockley na Queisser cha mwaka 1961 hukadiriwa leo kuwa takribani asilimia 33 kwa seli ya pengo moja. Mwaka 1982, Ross na Nozik walikokotoa kuwa ziada hiyo ikivunwa kabla ya kupoa, kikomo kingefikia takribani asilimia 66.

Perovskaiti zimevuta watafiti kwa kuwa upoaji huo hucheleweshwa. Vibeba chaji vinapokuwa vingi, fononi hazitawanyiki upesi, hivyo vibeba huzifyonza upya na kubaki moto kwa makumi ya pikosekunde. Mwaka 2017, Guo na wenzake walipima mwendo wa vibeba hivyo hadi takribani nanomita 600, umbali unaolingana na unene wa tabaka la seli.

Hata hivyo, ucheleweshaji huo huonekana wazi katika msongamano wa takribani vibeba 10^18 kwa sentimita moja ya ujazo, unaopatikana kwa mipigo ya leza. Jua lisilokusanywa kwa lenzi huzalisha msongamano ulio chini ya huo kwa mara elfu moja au zaidi. Kwa hiyo, matokeo ya leza hayatoshi kutabiri ufanisi wa paneli juu ya paa la Kagunga.

Lipo pia suala la risasi. Tabaka la perovskaiti huwa na chini ya gramu 1 ya risasi kwa mita ya mraba, lakini chumvi yake huweza kuyeyuka katika maji ya mvua, na ziwa ni chanzo cha maji na samaki kwa wakazi. Perovskaiti za bati huepusha risasi, na baadhi yake zimeonesha vibeba moto vinavyodumu kwa nanosekunde kadhaa; udhaifu wake ni kuoksidika upesi. Hivyo, upimaji chini ya mwanga wa kawaida wa jua, pamoja na uimara wa kifuniko dhidi ya unyevu, unapaswa kutangulia madai yoyote ya ufanisi.