Mwaka wa tatu anaosha spana: Huyo ni mwanafunzi au mfanyakazi wa bure?

Pita Gerezani, pita Keko, ingia gereji bubu yoyote hapa Dar es Salaam au nenda kwa mafundi wa kuchomelea kule Mwanza, hutakosa kumkuta. Ovaroli imechanika magotini, miguuni kandambili, tochi kaibana kwa meno, yuko chini ya uvungu wa gari la mtu. Huyo ndiye saidia fundi. Wengine wanamwita spana boi, wengine "dogo" tu, na jina lake halisi hawalijui. Kiswahili cha serikalini kinamwita mwanagenzi.

Sasa msomaji wangu, kamuulize huyo dogo maswali mawili. La kwanza, una muda gani hapa? La pili, umefundishwa nini? Swali la kwanza atalijibu haraka. La pili ndilo litakalomfanya acheke na kutazama pembeni. Wapo wenye bahati, wamepata fundi mwenye moyo, mwaka mmoja tu wanashusha injini wenyewe. Lakini wapo wanaotimiza mwaka wa tatu kazi yao ni kuosha spana kwa petroli, kufuata chai ya bosi na kusukuma magari yaliyokata betri. Mshahara hakuna, kwa sababu "anajifunza". Kufundishwa nako hakuna, kwa sababu "kazi ni nyingi". Huko ndiko kuingizwa mjini mchana kweupe!

Watu wengi wanadhani hayo ni mambo ya mtaani na sheria haiyajui. Wanajidanganya. Sheria inayajua, tena inayajua vizuri. (Nazungumzia Tanzania Bara, maana Zanzibar wana sheria zao.)

MWENYE MIAKA CHINI YA 18

Tuanze na wadogo, wale wanaotolewa nyumbani na baba au mjomba na kukabidhiwa kwa fundi. Hao wanalindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo imeweka vifungu maalum kwa mtoto anayejifunza ufundi kwenye sekta isiyo rasmi. Yaani gereji bubu, karakana ya useremala na cherehani za barazani zote zimo.

Kwanza, mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kuwekwa kwa fundi. Pili, mzazi au mlezi na fundi wanatakiwa kuandikiana makubaliano. Siyo kupeana mkono halafu mzee anapanda basi kurudi kijijini! Tatu, fundi anabeba mzigo unaoeleweka: amfundishe mtoto kazi kwa kadiri ya ujuzi wake wote, amwekee mazingira salama, ampe chakula isipokuwa kama walikubaliana vingine, na awajibike mtoto akiumia akiwa kwenye mafunzo. Hapo kwenye "ujuzi wake wote" pazingatiwe. Fundi anayeficha siri za kazi ili dogo asije akamnyang'anya wateja, anavunja sheria.

Kumkesesha mtoto kazini nako ni marufuku. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi mtoto hatakiwi kuwa kazini, hata kama gari la mteja lina safari ya Tunduma alfajiri.

WEWE ULIYEVUKA 18

Haya, sasa tuje kwako mshikaji uliyemaliza Form Four, ukaona bora ujifunze ufundi kuliko kukaa kijiweni. Wewe ni mtu mzima, na bosi wako ana msemo mmoja: "Huyu si mfanyakazi wangu, anajifunza tu." Akishasema hivyo anaona amemaliza.

Hajamaliza. Ipo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na humo kuna kipimo cha kumtambua mfanyakazi. Mtu akikupangia namna ya kufanya kazi, unahesabiwa mfanyakazi. Akikupangia saa za kuingia na kutoka, ni hivyo hivyo. Ukitumia vifaa vyake, au ukiwa unamtegemea yeye kwa riziki, au ukiwa umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, bado jibu ni lile lile. Kimojawapo tu kinatosha, mpaka bosi athibitishe vinginevyo.

Tupige hesabu za darasa la nne. Unaingia gereji saa 2 asubuhi, unatoka saa 12 jioni. Toa saa moja ya kula, zinabaki saa tisa. Siku tano tu ushafikisha saa 45, na mwezi bado mbichi!

Ukishakuwa mfanyakazi, inaingia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo wa 2004, na hapo ndipo bosi anaanza kukuna kichwa. Anadaiwa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Anadaiwa mshahara usiopungua kima cha chini cha sekta yake. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kila wiki una haki ya kupumzika saa 24 mfululizo.

Na lile la kioo cha mteja kuvunjika, ukaambiwa hutalipwa miezi minne? Haliendi hivyo. Bosi lazima akuandikie kosa ni lipi na hasara ni kiasi gani, akupe nafasi ya kujitetea, na hata ukionekana una makosa, makato hayatakiwi kuzidi robo ya ujira wako.

Kwa hiyo bosi achague. Kama ni mwanafunzi, amfundishe. Kama ni mfanyakazi, amlipe. Kama ni vyote viwili, na mara nyingi ndivyo ilivyo, basi afanye vyote viwili. Kitu ambacho sheria haikukiweka ni mtu wa tatu, yule asiyefundishwa wala kulipwa.

DOGO AKIUMIA

Hapa ndipo pabaya zaidi. Grinda haina huruma, na jeki ikiteleza haiulizi nani bosi na nani saidia fundi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na atoe bure. Miwani ya kuchomelea, glavu na buti siyo zawadi ya Krismasi.

Jicho likishapata cheche, kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfuko wa fidia, WCF. Sheria hiyo inapotaja nani ni mfanyakazi, inamtaja na mwenye mkataba wa uanagenzi, uwe wa maandishi au wa mdomo. Mchango unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake, dogo hakatwi hata senti. Bosi mwenye akili anaona mwenyewe: kuchangia mfuko kila mwezi ni nafuu kuliko kuuza mashine ili umtibu mtoto wa watu.

SIKU YA KUONDOKA

Mafunzo yakiisha, mwanagenzi asitolewe mikono mitupu. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto inamtaka fundi atoe cheti cha kuonyesha kwamba amehitimu, na kumng'ang'ania bila sababu ya msingi ni kosa. Kwa mkubwa, ajira ikikoma mwajiri anatakiwa kutoa cheti cha utumishi. Na kwa aliyeiva kazini bila kupita darasani, VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti kinachotambulika.

Sasa ufanyeje? Kabla hujashika spana ya kwanza, chukueni karatasi moja. Andikeni utafundishwa nini, kwa muda gani, nani anatoa hela ya kula na nauli, ukiumia nani anakutibu, na ukimaliza unapewa nini. Wekeni sahihi, mwenye mashahidi alete. Bosi anayekataa karatasi hiyo amekwambia ukweli mapema, shukuru na ula kona.

Kama umeshaingia na mambo yameharibika, nenda kwa afisa kazi. Ukifukuzwa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, lakini usilale: malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60.

Mabosi wa gereji msinichukie. Wengi wenu mlianza kwa kubeba tochi kwa meno hivyo hivyo. Injini ikifa inashushwa, inafunguliwa na kufungwa upya. Miaka mitatu ya ujana wa mtu haina spea Kariakoo.