Esther Vergeer hakuhitaji huruma

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila hawakutuachia jina la kumwita mtu ambaye, kwa muda wa miaka kumi, hakupata hata nafasi ya kukubali au kukataa, kwa kuwa kushindwa kwenyewe hakukumjia. Mtu huyo yupo. Ni Mholanzi, jina lake Esther Vergeer, na mchezo wake ulikuwa tenisi ya viti vya magurudumu. Tarehe 30 Januari 2003, mjini Sydney, alishindwa na Daniela Di Toro wa Australia. Baada ya siku hiyo alicheza mechi 470 za mchezaji mmoja mmoja, akazishinda zote, hadi alipotangaza kustaafu mnamo Februari 2013.

Mpenzi wa michezo atataka kipimo. Martina Navratilova, ambaye wengi wetu tulikua tukilisikia jina lake redioni, alishinda mechi 74 mfululizo mwaka wa 1984, na watu wakadhani kwamba ameshafika kileleni.

Najua jinsi habari ya aina hii inavyopokelewa kwetu. Kwanza twastaajabu, kisha twatikisa kichwa, twasema, "Maskini, pamoja na ulemavu wake wote!" halafu twafungua ukurasa wa soka. Dai langu leo ni kwamba huruma hiyo, ijapokuwa yavaa joho la wema, ni dharau. Mwanamichezo wa kweli huulizwa maswali magumu. Yule tunayemhurumia hatumwulizi lolote. Twampigia makofi tu, kama mtoto aliyekariri shairi mbele ya wageni.

Vergeer alizaliwa mjini Woerden tarehe 18 Julai 1981. Alipokuwa na umri wa miaka minane alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya kasoro katika mishipa ya damu iliyouzunguka uti wa mgongo, na baada yake miguu yake ikawa imepooza. Katika matibabu yaliyofuata, michezo ilikuwa sehemu ya tiba, wala haikuwa zawadi ya kungojewa baadaye. Alifunzwa mpira wa wavu, mpira wa vikapu na tenisi akiwa kitini. Kwa mpira wa vikapu alifika hadi timu ya taifa lake, iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka wa 1997. Hata hivyo, tenisi ndiyo iliyomteka, na kufikia mwaka wa 1999 alikuwa wa kwanza duniani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu alinyakua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja mara nne mfululizo: Sydney, Athens, Beijing na London.

Asiyewahi kuutazama mchezo huu hudhani kwamba ni tenisi iliyopunguzwa makali. Tofauti kubwa ya kanuni ni moja: mpira waweza kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa, na si lazima mdundo wa pili uwe ndani ya mistari. Urefu wa wavu, upana wa uwanja na hesabu ya pointi ni vile vile. Lakini kiti hakiendi upande. Mwenye miguu huruka hatua moja kushoto, mambo yakaisha. Aliye kitini sharti akizungushe kiti, asukume magurudumu kwa mkono ule ule ulioshika raketi, na asikiache kisimame, maana kiti kilichosimama ni kizito kukianzisha tena. Kwa hivyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mpira kuvuka wavu, nayo ni kazi ya kukisia. Hapo ndipo Vergeer alipowapita wenzake. Aliusoma mkono wa mpinzani, naye akawa amekwisha kugeuka.

Isitoshe, ulemavu wa wachezaji haulingani. Aniek van Koot, aliyekutana naye katika fainali ya London mwaka wa 2012, alikuwa amekatwa mguu mmoja. Vergeer alikuwa amepooza miguu yote miwili. Walicheza katika kundi moja, bila yeyote kupewa nafuu, na Vergeer akashinda kwa 6-0, 6-3.

Sasa tuje kwenye swali gumu ambalo huruma hailiulizi. Je, bibi huyu hakuwa akiwashinda wanyonge? Lina uzito wake. Wakati mmoja katika miaka hiyo alishinda seti 250 bila kupoteza hata moja. Na wale aliowashinda katika fainali zile nne walikuwa Waholanzi wenzake wote. Tangu mchezo huu ulipoingizwa rasmi katika Olimpiki ya Walemavu mwaka wa 1992 hadi mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, kila dhahabu ya wanawake ya mchezaji mmoja mmoja ilikwenda Uholanzi. Ushindani unaokaa katika nchi moja ni ushindani mwembamba, na sioni haya kusema hivyo. Kiti cha tenisi si kile cha hospitali. Ni chombo maalumu chenye magurudumu yaliyoinama, tena cha bei ghali. Ni nchi ngapi zinazompa msichana wa miaka minane kiti kama hicho, na mwalimu wa kumfunza? Ndani ya tarakimu ile ya 470 wamo wasichana wasiohesabika ambao hawakuwahi kufika uwanjani wamkabili.

Hata hivyo, waliofika hawakuwa wanyonge. Walikuwa wametoka katika viwanja vile vile alivyotoka yeye, wakimjua ndani nje. Ushahidi ni fainali ya Beijing mwaka wa 2008, dhidi ya Korie Homan. Vergeer alichukua seti ya kwanza kwa 6-2. Homan akajibu kwa 6-4. Katika seti ya tatu Homan alifika mahali ambapo pointi moja tu ingemvika dhahabu. Hebu fikiri, msomaji: zaidi ya miaka mitano bila kushindwa, na yote yananing'inia kwenye mpira mmoja! Anayeshindwa mara kwa mara huwa amekwisha kujizoeza na saa kama hiyo. Vergeer hakuwa na mazoea hayo. Aliiokoa pointi ile, wakaenda hadi gemu ya kuamua, akaishinda kwa 7-5. Mimi naithamini mechi hiyo moja kuliko mamia ya zile alizoshinda kwa 6-0, kwani ndiyo inayotuhakikishia kwamba hizo nyingine hazikuwa za bure.

Niruhusiwe kuungama jambo. Nilipokuwa nikifunza, palikuwa na mvulana darasani mwangu aliyetumia kiti. Kila kipindi cha michezo nilimweka chini ya mwembe, nikamkabidhi sweta za wenzake azilinde. Nilijiona mwema, kwani nilikuwa nimempa kazi. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, leo nani atashinda?" Nilimtajia timu. Akasema yeye alidhani ni ile nyingine, akanieleza kwa nini: beki wao wa kushoto alikuwa akichelewa kurudi. Ndivyo ilivyokuwa. Muhula mzima alikuwa akiusoma mchezo kuliko mimi niliyepuliza kipenga, na sikuwahi kumpa mpira aushike.

Wakubwa wa tenisi nao walikuwa na mwembe wao. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nyasi za Wimbledon ni nzito mno kwa viti. Vergeer aliruhusiwa kucheza pale katika mechi za wawili wawili tu, na ubingwa huo akautwaa 2009, 2010 na 2011. Mashindano ya mchezaji mmoja mmoja kwa walio vitini yalianzishwa huko mwaka wa 2016, naye alikuwa ameshastaafu. Mwaka wa 2023 aliingizwa katika jumba la heshima la tenisi kule Newport, Marekani, bila taji hilo la Wimbledon, kwa sababu halikuwapo la kushindaniwa.

Mrithi wake ni Mholanzi pia, Diede de Groot, ambaye msururu wake wa ushindi ulifika 145 kabla ya Mjapani Yui Kamiji kuukata mwezi wa Mei 2024. Miezi michache baadaye, katika fainali ya Olimpiki ya Walemavu jijini Paris, Kamiji alimshinda tena, na kwa mara ya kwanza dhahabu ile ikatoka mikononi mwa Waholanzi. Mkuu wa msafara wa Uholanzi katika michezo hiyo alikuwa Esther Vergeer.